Jibu: Kazi ya kuchangisha fedha za hisani barabarani, Uingereza

Waalaikumu salaam, mdogo wangu. Umeuliza kama wewe, mwanafunzi wa shahada kutoka Wete uliyeko Uingereza kwa viza ya masomo, unaweza kufanya kazi ya kuchangisha fedha za hisani barabarani. Unaweza, lakini usome mkataba kwanza, kwa sababu viza hiyo inakuruhusu saa 20 tu kwa wiki katika muhula wa masomo, na haikuruhusu kabisa kujiajiri. Mimi niliwahi kupewa karatasi iliyonitaja kuwa mtu aliyejiajiri, anayelipwa kwa kila mchangiaji. Nikaikataa, na nashukuru mpaka leo.

Kazi yenyewe si kama tulivyozoea kwetu, mtu kupita na sanduku baada ya sala ya Ijumaa. Mara nyingi hupokei fedha taslimu. Unamwomba mpita njia aidhinishe benki yake imkate kiasi fulani kila mwezi, na sheria inakutaka umweleze wazi kwamba unalipwa. Jambo hilo mwanzo lilinitia haya, kisha nikaona ndilo linalowafanya watu wakuamini.

Baridi ni mtihani: vidole vyangu vilikufa ganzi hata nikashindwa kuandika kwenye tableti, mpaka nikanunua glavu zilizokatwa ncha. Anayekataa mshukuru, umwache aende zake. Na mzee anayeonekana hakuelewa anachokubali, tafadhali usimwandikishe, hata kama kiongozi wa kundi anakuhimiza ufikishe idadi ya wachangiaji inayotakiwa kwa siku hiyo.