"Hardly" si "kwa bidii"

Ndugu, umeuliza kama "he works hardly" ni "anafanya kazi kwa bidii", kwa kuwa "quick" huzaa "quickly". Hapana. "Hard" ni kivumishi na papo hapo ni kielezi, halihitaji kuongezwa kitu. Anayejituma ni "he works hard". Ukisema "he hardly works" umeshamwita mvivu: kazi hafanyi, au anafanya kidogo mno. Hebu fikiria hilo likiwa kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini!

Wengi huteleza kwa sababu "hardly" tayari limebeba ukanushi ndani yake. "I can hardly hear you" ni "nakusikia kwa taabu sana", kwa hiyo usiongeze "not". "I can't hardly hear you" utaisikia hata kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe wakipiga soga, lakini kwenye mtihani au barua rasmi ni kosa. Ukanushi huohuo ndio unaolifanya liandamane na "any" na "ever": "hardly any money" ni pesa kiduchu, "hardly ever" ni mara chache mno.

Likienda na kitenzi, kwa kawaida mahali pake ni kabla ya kitenzi kikuu, baada ya kisaidizi kama "can".

Ukikutana na "Hardly had I sat down when the phone rang", maana yake ni "ndiyo kwanza nimeketi, simu ikaita". Huo ni mtindo wa vitabuni, mimi nisingeutumia kwenye maongezi. Ukiutumia, weka "when". "Than" huenda na "no sooner", msemo mwingine wenye maana hiyohiyo.