Mteremko wa mstari: weka mabano, mdogo wangu

Juzi binti mmoja wa kidato cha pili kaniandikia: "Dada, nukta ni (−2, 5) na (4, −7). Mwalimu kapata mteremko −2, mimi kila nikirudia napata −6. Shida iko wapi?"

Swali la namna hiyo niliwahi kuuliza darasani. Mwalimu akacheka, akaniambia nikasome masomo ya kukariri, na darasa zima likacheka. Nilikaa chini kimya. Mpaka leo nikisikia mwanafunzi kachekwa kwa kuuliza, damu inanichemka.

Hela ya tuisheni nyumbani haikuwepo. Nilichukua madaftari ya zamani ya kaka yangu na karatasi za grafu, nikawa nachora kila mstari kabla ya kugusa kanuni. Kidato cha nne nikapata B ya hesabu, na leo ndilo somo ninalofundisha. Najivunia, na sifichi.

Sasa mdogo wangu, kanuni unayo: tofauti ya y gawanya kwa tofauti ya x. Juu, −7 − 5 ni −12, hapo uko sawa. Chini umeandika 4 − 2, ndipo ulipoteleza. Kanuni ina alama yake ya kutoa, na namba nayo ina hasi yake. Zote mbili zionekane: 4 − (−2), yaani 6. Gawanya −12 kwa 6, unapata −2. Weka mabano! Kila namba hasi iingie na mabano yake, hata kama unaona unapoteza muda.

Halafu ukianza na nukta ya pili juu, anza nayo na chini. Ukichanganya, unapata 2, na mstari unaoshuka unageuka wa kupanda. Ndiyo maana nasisitiza kuchora. Grafu tunaisoma kushoto kwenda kulia: mstari ukipanda kama lori linalokwea Kitonga kuelekea Iringa, jibu ni chanya, ukishuka, ni hasi. Wako unashuka.

Mabinti, ulizeni. Mkichekwa, ulizeni tena. Na mabano msiyasahau.

Kingine kinachokula maksi: (3, 1) na (3, 8). Chini inabaki 0, na kwa sifuri hatugawanyi. Mstari umesimama wima, mteremko wake haupo. Usiandike 0, hiyo ni ya mstari uliolala, kama wa (1, 4) na (6, 4).