Kabla hujanionyesha asilimia 98 zako

Juzi kijana wa mafunzo kaniletea modeli ya afya za transfoma, yaani programu inayojifunza kwenye vipimo vya zamani ili kutambua zilizo mbovu, usahihi asilimia 98, uso umemng'aa kama bwana harusi. Nikamuuliza data kaigawaje. "Nimeichanganya yote, bosi, nikatenga asilimia 20 ya kupimia." Nikavuta kiti. Basi sikilizeni, wadogo zangu.

1. Gawanya kwa transfoma, si kwa mistari. Sampuli za mafuta za mashine ileile zikikaa pande zote mbili, ya kufundishia na ya kupimia, modeli inakariri mashine, ugonjwa haiujui.

2. Transfoma nyingi ni nzima. Ukijibu "nzima" kila mara huku umefumba macho, hiyo 98 unaipata. Niambie mbovu umekamata ngapi.

3. Usifute safu kwa sababu inakukera. Hapa nina kidonda. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa miaka ya vipimo vya gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta ya transfoma. Safu ya mwisho, "Maelezo", ilijaa vifupisho vya mafundi na tahajia za ajabu. Nikaona takataka, nikaifuta. Sasa, kulikuwa na transfoma moja ya 132/33 kV, ethilini, gesi inayotoka mafuta yakipata joto kali, inapanda miezi na miezi hadi ppm (sehemu kwa milioni) 310, halafu ghafla 6. Modeli ikaipaka kijani. Na mimi, bila haya, nikaipeleka kikaoni kama mgonjwa aliyepona! Wiki tano baadaye, saa nane usiku, Buchholz, relei ya kinga inayohisi gesi ndani ya transfoma, ikatripu, ikakata umeme. Kuifungua: kiungo kimoja kimelegea, kimeungua, karatasi yake imekuwa mkaa. Mzee wetu fomeni hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifungua faili, akaweka kidole chenye mafuta kwenye mstari: "mafta yamechujwa tar 14, gesi ianze upya, joto bado tunalitafuta." Mtambo wa kuchuja unaondoa gesi kwenye mafuta, haukazi nati. "Hii nilikuandikia wewe," akasema, akaenda kunywa chai.

4. Chora pembetatu ya Duval kwanza, ule mchoro wa gesi tatu unaoonyesha aina ya hitilafu. Modeli yako ikiipinga, uje na sababu.

5. Nenda kachukue sampuli kwa mkono wako. Utajua kwa nini mafuta ya mwanzo yanamwagwa, na kiputo kimoja kwenye sirinji ya kioo kinavyoiba haidrojeni. Ila viatu! Huyu wangu kesho saa kumi na mbili asubuhi anapanda gari na mafundi, na leo kaja na raba nyeupe.