Ukitazama tamthilia ya Kituruki na wazee, weka simu mbali

Nyumbani kwetu Tanga, saa ya Sultan ilikuwa saa ya Sultan. Bibi ameshaswali, watoto wameshakula, na mwenye maongezi yake anahamia barazani. Waturuki walianza kuitazama tamthilia ile, ya Sultan Suleiman wa dola ya Kituruki ya Waosmani, Januari 2011, ikawaishia Juni 2014. Sisi ilitufikia baadaye kupitia Azam TV, imeshaingizwa sauti za Kiswahili, na sauti hizo ndizo zilizomkalisha Bibi kwenye kochi. Maandishi ya chini ya kioo hayaoni hata akivaa miwani.

Bibi alimpenda Mustafa, mwana wa Sultan na Mahidevran. Alikuwa akimwombea dua kabisa, kama mtoto wa jirani aliyeko safarini. Usiku mmoja nikataka kujua yule mwigizaji ni nani. Kabla sijamaliza kuandika jina la Mustafa, simu ikanimalizia yenyewe: kifo cha Mustafa. Nikasoma mpaka mwisho. Kesho yake Bibi akasema kijana huyu ndiye atakayekalia kiti cha baba yake, nami nikamjibu, "Bibi, baba yake atamuua huyo." Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na jambo kifuani likinisumbua kutoka. Bibi hakusema neno. Aliinuka kipande hakijaisha, na siku tatu hakuonekana sebuleni.

Nimeyakumbuka sana hayo, na ndiyo maana nakushauri usiwatangulie watu unaotazama nao.

Kwa Huba au Jua Kali hatari hii ni ndogo. Tamthilia za kwetu tunazisubiri sote. Mwenye simu na asiye na simu wanalala na kiu moja. Za Kituruki zinakuja zimeshakwisha kwao. Kila siri imeandikwa, imejadiliwa, na picha za mwisho wake zimezagaa mtandaoni. Hii ya Sultan ilizidi, kwa kuwa imetokana na historia. Mustafa halisi aliuawa Oktoba 1553, alipoitwa kwenye hema la baba yake, Sultan Suleiman aliyekuwa safarini kwenda kupigana na Waajemi. Ukigusa historia ya Waosmani umeshamaliza hadithi yote.

Kwa hiyo mimi sasa, tamthilia ikiwa bado inaendelea, sitafuti jina la mhusika hata kidogo. Historia naisoma baadaye, na hapo ndipo inakuwa tamu. Kipande cha kifo cha Mustafa kilipooneshwa Uturuki, Februari 2014, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa kumsomea dua. Amekufa zaidi ya miaka 450, na watu wanamlilia kama aliyezikwa jana. Nilipomsimulia Bibi habari hiyo, tukiwa tumeshakipita kipande chenyewe, alifarijika kuliko nilivyotarajia. Alijua kumbe hakulia peke yake.

Lakini zipo habari ambazo ni vizuri kumwambia mtu mapema. Mwigizaji anapobadilishwa, sema. Meryem Uzerli, aliyekuwa Hürrem, mke mwenza wa Mahidevran, aliondoka mwaka 2013 kabla tamthilia haijaisha, na mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi. Nafasi yake ikachukuliwa na Vahide Perçin. Nyumbani hakuna aliyejua. Siku sura mpya ilipotokea, nusu ya kipande ilipotea kwa maswali: huyu nani, mbona anaitwa Hürrem, yule kafa? Neno moja la kuwaandaa lingetosha. Nami namtetea huyu wa pili, maana watu wanamwonea. Hürrem wa Uzerli ni msichana anayepigania nafasi, anacheka na kupiga kelele. Wa Perçin ameshashinda, na sasa anaogopa kupoteza. Utulivu ule, macho yale yasiyopepesa, mimi yananitisha zaidi.

Kuhusu uvumi wa kwa nini mwigizaji fulani kaondoka, kagombana na nani, kaachwa na nani, ushauri wangu ni mfupi: chukua alichosema mwenyewe, mengine yaache hukohuko. Ni mtu mwenye wazazi na watoto, wala si Hürrem.

Na kuna habari zinazofungua mjadala bila kuharibu hadithi. Novemba 2012 Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliilaumu tamthilia hii hadharani, akisema Suleiman anayemjua yeye aliishi miaka 30 juu ya farasi. Tulilijadili sana hilo sebuleni. Mjomba alikubaliana naye kabisa: vita vichache, vyumba vya wanawake vingi. Mimi naona lawama ina ukweli wake, lakini inapita mbali na kilichotushika. Bibi hakukaa pale kwa ajili ya vita. Alikaa kwa ajili ya mama wawili wenye mume mmoja, kila mmoja akijua kwamba mwanawe asiporithi huenda akauawa. Alikaa kwa ajili ya mama mkwe na mkwewe. Mambo hayo anayafahamu, ameyaona kwa watu, na alikuwa akiyatolea hukumu zake kwa sauti. Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Sultan, alipoanza kujiona sawa na Sultan, Bibi alijua mapema kuliko sote kwamba kijana amekwisha, na hakuhitaji mtandao kumwambia.

Siku ya nne baada ya kosa langu, Bibi alirudi kwenye kochi, akaitazama hadithi mpaka mwisho wake, akijua. Alilia. Usiku ule ndipo nilipotoa simu, safari hii kwa ruhusa yake, nikamwonesha picha ya Mehmet Günsür, mwigizaji wa Mustafa, yu mzima, anatabasamu, anaendelea na kazi zake. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mama yake kijana huyo bado yu hai.