Maswali ya Wasomaji: Katoni Nne za Dawa kwa Ajili ya Nyarugusu

*Ndugu Mfamasia, salamu. Sisi ni kikundi cha akina mama ishirini na wawili hapa Tabora. Baadhi yetu wazazi wetu waliikimbia Burundi mwaka 1972 wakapokelewa Ulyankulu, kwa hiyo habari za vita vya mashariki ya Kongo zinapotufikia hatuwezi kuzisikiliza kama habari za watu wa mbali. Tumepita nyumba kwa nyumba, tukapata katoni nne za dawa: za maumivu, za presha, za vidonda vya tumbo, za macho na antibayotiki, pamoja na makopo ya maziwa ya watoto wachanga. Tunakusudia kukodi gari tuzipeleke wenyewe kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Tunaomba utuelekeze njia iliyo bora, na utuambie kama kuna jambo tumelisahau.*
*Katibu wa kikundi, Tabora*

Mama Katibu, pokea heshima zangu, wewe na wenzako wote. Nawapa pole kwa kazi ya kubisha hodi mlango kwa mlango, na kwa kuwa mmeifanya kwa moyo mweupe, ni haki yenu kuambiwa mapema bila kuzungushwa: gari hilo msilikodi, na dawa hizo msizipeleke kambini.

Niliwahi kufanya kazi katika stoo ya dawa ya kambi moja ya wakimbizi magharibi mwa nchi yetu. Siku moja tuliletewa katoni zinazofanana na zenu, zilizokusanywa na watu wema kabisa. Wawili kati yetu tuliacha kupeleka dawa wodini, tukakaa siku mbili tukichambua. Tulikuta karatasi za vidonge zilizokatwa katikati hata tarehe ya kwisha matumizi haisomeki, chupa za dawa ya macho zilizokwisha kufunguliwa, maboksi yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeifahamu, na dawa nzuri chache ambazo zisingemtosha mgonjwa mmoja kumaliza dozi. Vilivyofaa vilienea katika mfuko mmoja mdogo. Vilivyobaki tulilazimika kuviorodhesha, kuvifungia na kutafuta namna ya kuviteketeza kwa kufuata sheria, katika stoo ambayo haikuwa na nafasi ya kutosha hata kwa dripu zetu wenyewe.

Jambo hili limewahi kutokea kwa kiwango cha kutisha. Katika vita vya Bosnia na Herzegovina, watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 1992 na 1996 zilifikishwa huko tani 17,000 za dawa zisizofaa, na kwamba kuziteketeza kungegharimu dola za Marekani milioni 34. Hebu wazia nchi iliyo katikati ya vita, hospitali zake zimepigwa mabomu, halafu inatakiwa itafute mamilioni ya kuharibu zawadi. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa, ukapitiwa upya mwaka 1999 na tena 2010, na msingi wake ni huu: dawa ya msaada itokane na mahitaji yaliyotajwa na wanaotibu, iwe katika orodha ya dawa muhimu ya nchi husika, ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja wa matumizi, iandikwe kwa lugha ambayo wahudumu wa huko wanaielewa, na isiwe dawa ambayo mgonjwa mwingine alikwisha kupewa ikarudishwa. Katoni zenu, kwa maelezo uliyonipa, zinakwama kwenye sharti hilo la mwisho kabla ya kufika kwenye mengine.

Nielewe vizuri, Mama: sharti hilo halikuwekwa kwa kuwadharau. Kidonge kilichokaa miezi sita juu ya kabati la jikoni, penye joto na mvuke, hakuna awezaye kukitazama kwa macho akajua kimebakiwa na nguvu kiasi gani. Nusu dozi ya antibayotiki humpa mgonjwa nafuu ya siku mbili na kuviachia vimelea nafasi ya kuizoea dawa, na katika kambi ambamo familia zinaishi kwa kubanana, vimelea sugu husafiri haraka. Mgonjwa wa presha anayeanzishiwa dawa itakayokwisha baada ya wiki tatu, kisha akaambiwa hakuna nyingine, anaweza kuachwa katika hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo. Sijui namna ya kumweleza mgonjwa huyo kwamba tulimpa kwa upendo.

Kuhusu maziwa ya kopo nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu yanaua watoto. Maziwa ya unga yanahitaji maji safi yaliyochemshwa, chombo kilichooshwa kwa sabuni, kuni au mkaa, na kopo jingine pale la kwanza linapokwisha. Mama aliyekimbia vita mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo, lakini ana maziwa yake mwenyewe. Akipewa kopo, mtoto huacha kunyonya, maziwa ya mama hupungua, na wiki ya pili mtoto anaharisha. Yupo mtoto mchanga anayehitaji maziwa hayo kweli, kama yule aliyefiwa na mama yake, lakini huyo huandaliwa maziwa yake chini ya uangalizi wa wauguzi, kwa kipimo, si kwa kugawiwa kwenye foleni.

Sasa mfanye nini? Wagonjwa wa kambini huhudumiwa na mashirika yaliyopewa kazi hiyo, na huko Nyarugusu Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kimebeba sehemu kubwa ya huduma za afya kwa miaka mingi. Andikeni barua kwa shirika linalotoa matibabu, mwulize ni kitu gani kimepungua mwezi huu, kisha mchange fedha kwa ajili ya kitu hicho. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, hivyo hata mngekodi gari mngesimamishwa getini. Fedha mnazotaka kumpa mwenye gari zinaweza kununua dawa kwa jumla kwa bei ambayo ninyi na mimi hatuwezi kuipata kwenye duka la mtaani, zikiwa na tarehe ndefu na maelezo yanayosomeka. Kama mnatamani kutoa kitu cha kushikika, ulizeni kwanza kama wanahitaji ndoo zenye mfuniko na bomba, sabuni, kanga mpya za kumpokelea mtoto anapozaliwa, au taulo za kike. Na mkiambiwa ndiyo, nunueni Kasulu, ili fedha ya usafiri iongeze idadi ya ndoo na muuza duka wa pale naye apate riziki.

Umeniuliza pia kama kuna mlichokisahau. Mmesahau maji, kama tunavyosahau karibu wote tunapofikiria matibabu ya vitani. Mwezi Julai 1994, kati ya laki tano na laki nane ya wakimbizi wa Rwanda waliingia mji wa Goma, mashariki ya Kongo, na maeneo ya jirani kwa siku chache tu. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, haichimbiki choo wala kaburi, na maji yaliyokuwa karibu ni ya Ziwa Kivu. Inakadiriwa kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Watu waliokwisha kuvuka salama kutoka kwenye mauaji na mapigano walikufa kwa kukosa maji safi na chumvi mwilini. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na ndiyo maana mimi, mtu wa dawa, nikipewa fedha ya kuchagua jambo moja katika kambi mpya, ningeanza na bomba na choo.

Na tiba yenyewe ya kuharisha si ya gharama. Wakati wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon upande wa India, dripu zilimwishia Dk. Dilip Mahalanabis huku wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni. Aliamua kuchanganya maji, chumvi na sukari, akawakabidhi ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Pakiti za maji ya chumvichumvi tunazowapa watoto wetu leo zinatokana na kazi ya aina hiyo.

Hizo katoni nne msizitupe jalalani wala chooni. Zipelekeni kwa mfamasia wa wilaya, mmweleze mlivyozipata, awaelekeze namna ya kuziharibu.

*Ndugu Mfamasia, mimi ni mzaliwa wa Ujiji, nafanya kazi Muscat. Kila Ramadhani natenga zaka na sadaka, na mwaka huu nataka iende kwa waliokimbia vita vya Kivu, mashariki ya Kongo. Ila nasita. Nimeona kwa macho yangu magari makubwa meupe ya mashirika, na nasikia sehemu nzuri ya fedha huishia kwenye mishahara. Je, si afadhali nimtumie mtu mmoja kambini moja kwa moja?*
*Mzaliwa wa Ujiji, Muscat*

Ndugu yangu, kutaka kujua sadaka yako imefika wapi ni wajibu wako, wala usione haya kuuliza. Kama unamfahamu mkimbizi, ni jirani au ndugu, mtumie. Hakuna shirika linaloweza kuchukua nafasi ya undugu. Lakini huyo uliyemtumia, mkewe akishikwa na uchungu usiku na mtoto amekaa vibaya, fedha yako haiwezi kumnunulia chumba cha upasuaji. Inabidi chumba kiwepo tangu jana, na ndani yake awepo mtaalamu wa usingizi aliyelipwa mshahara.

Tazama chanjo ya surua, ambayo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kufanywa kambi inapojaa watu, kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka 15. Chanjo yenyewe ni ya bei ndogo. Lakini inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu inapoteremshwa kwenye ndege mpaka inapomfikia mtoto, na barabara ya kwenda huko ni ya tope. Gari lile uliloliona, jokofu, mafuta ya jenereta na kijana anayeangalia kipimajoto asubuhi na jioni ndivyo vinavyoifanya chanjo iwe chanjo. Mwanamke aliyebakwa njiani akikimbia ana saa 72 tu za kuanza dawa za kumkinga na VVU, na atakapofika anahitaji muuguzi aliyefunzwa kumpokea kwa staha. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, imejulikana duniani kwa kuwatibu wanawake wa namna hiyo, na asilimia kubwa ya kazi hiyo ni mikono ya watu: wapasuaji, wauguzi, washauri.

Kwa hiyo nakushauri uulize maswali mengine. Je, shirika hutoa hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na zinasomeka? Je, linasema idadi ya waliotibiwa na magonjwa yao, au linaonyesha tu picha za watoto wanaolia? Kwa upande wa zaka, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, ilizindua rasmi mfuko wake wa zaka kwa wakimbizi mwaka 2019. Soma masharti yake, umwulize na shehe unayemwamini. Pia nchi za Ghuba zina sheria kali kuhusu kuchangisha fedha, hivyo usianzishe mchango kwenye kundi la simu kabla ya kujua unaruhusiwa kufanya nini hapo ulipo.

Na kama mshahara wako unaruhusu, igawe sadaka yako kwa miezi kumi na miwili. Stoo hujaa Ramadhani na Krismasi, kisha mvua zinanyesha, malaria inapanda, na dawa mseto zinakwisha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipositisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, huduma nyingi za wakimbizi zilipunguzwa katikati ya mwaka. Riali chache za kila mwezi humwezesha mwenye stoo kuagiza dawa mapema.

*Ndugu Mfamasia, mimi ni mkulima wilayani Kasulu. Zahanati yetu mara nyingi haina dawa, lakini kambini nasikia zipo. Kwa nini tuambiwe tuwachangie wakimbizi?*
*Mkulima, Kasulu*

Mzee wangu, shikamoo. Malalamiko yako ni ya haki, na zahanati yenu inapaswa kuwa na dawa. Fedha za matibabu ya kambini kwa sehemu kubwa hutoka kwa wafadhili wa nje, si kwenye fungu la halmashauri yenu, hivyo kuzipunguza hakutawaletea ninyi hata kidonge kimoja.

Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilicho baina ya milima na Ziwa Tanganyika, hadi meli ya MV Liemba ikatumwa kuwahamisha. Kipindupindu kiliwakumba zaidi ya watu 3,000, wakafa karibu 30, na miongoni mwao walikuwamo wenyeji, Watanzania. Walichota maji ziwa lilelile. Tangu hapo na kabla ya hapo, vituo vya kambini vimekuwa vikiwapokea pia wagonjwa wa vijiji vya jirani. Mwulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwenu ni kituo kipi kinachowapokea kwa sasa na kwa utaratibu gani, na ukimpeleka mtoto, beba kadi yake ya kliniki.