Dripu ya madini ya chuma: usimwache mgonjwa peke yake

Mdogo wangu unayeanza zamu kwenye kitengo cha dayalisisi, yaani kusafisha damu ya wagonjwa wa figo kwa mashine, hapa Malindi, utaambiwa mapema kwamba kumwekea mgonjwa dripu ya madini ya chuma ya kuongeza damu ni kazi ndogo. Mimi sikubali. Dawa ni salama, lakini haitaki haraka.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mzee wa Mambrui. Siku hiyo mashine zilichelewa, akaniomba, "Sista, nifanyie upesi mwanangu, matatu zitanipita." Ayoni sukrosi, dawa yenyewe ya chuma, miligramu 100 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi hupitishwa kwa dakika 15 au zaidi. Mimi nikaifungulia iende kasi. Punde akashika kiuno, uso ukamwiva, kifua kikambana. Nikafunga dripu. Presha haikushuka, midomo haikuvimba, kifua hakikukoroma. Robo saa baadaye alikuwa akiongea vizuri. Kikao kingine tukampa polepole, hakuhisi kitu.

Kwa hivyo funga kwanza, maswali baadaye. Kiuno na kifua vikibana tu, mara nyingi hupoa vyenyewe. Usikimbilie sindano ya Piriton, dawa ya mzio. Yaweza kumlegeza na kumshusha presha, ukashindwa kujua kilichomfika. Lakini presha ikianguka, pumzi ikimkata au uso ukivimba, mchome adrenalini kwenye msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, huku mwenzako akimwita daktari. Iwe kwenye trei tangu mwanzo, si kabatini. Na aliyevumilia dozi ya kwanza bado aweza kudhurika na ya pili: mwangalie dakika 30 kila mara.

Kabla ya yote mguse, hasa mwenye katheta ya shingoni, ule mpira wa kupitishia damu kwenda mashineni. Ana homa? Alitetemeka usiku? Bakteria nao hustawi kwa chuma, kwa hivyo tunangoja maambukizi yaishe. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, nayo hupanda mwili ukiwa na maambukizi, isikudanganye.

Lakini usiiogope hata ukamnyima. Utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza, uliotolewa 2019 ukiwa na wagonjwa 2,141, uliona waliopewa miligramu 400 kwa mwezi, na kusimamishwa feritini ikizidi 700, walipata vifo na maradhi ya moyo kidogo kuliko waliongojwa hadi chuma kipungue. Maambukizi hayakuzidi. Tena kila chupa ya damu tunayoepuka kumwongezea inamlindia nafasi ya kupandikizwa figo, maana damu ya mtu mwingine yaweza kuufanya mwili wake ukatae figo ngeni.

Yule mzee siku hizi namwekea katika saa ya kwanza ya kikao. Dakika zake 30 huisha angali kwenye mashine, na matatu yake haimpiti.