Re: FEMA (shirika la serikali kuu ya Marekani la kushughulikia majanga) wanadaije hela walizokwisha toa?

Mkuu umeuliza inakuwaje mji ulioko jimbo la Florida umeshatengeneza barabara zake baada ya kimbunga halafu miaka kadhaa mbele FEMA wanasema rudisheni hela. Aisee iko hivi, ile hela si zawadi, serikali kuu inabeba walau asilimia 75 ya gharama lakini kwa masharti, wakaguzi wakija baadaye wakakuta tenda haikutangazwa inavyotakiwa au risiti za kuzoa vifusi hazipo au bima ilishalipa kitu hichohicho, wanafuta malipo hayo na kudai hela irudi, na mji ulishaitumia zamani! Kamji kadogo bajeti yote inayumba.

Kinga ipo, kifungu cha 705 cha sheria ya Stafford (sheria ya Marekani ya misaada ya majanga) kinawapa FEMA miaka mitatu tu ya kudai, ila ugomvi ulikuwa saa inaanza kuhesabu lini, ndo mwaka 2018 Congress (bunge la Marekani) ikarekebisha ihesabiwe kwa kila mradi badala ya kusubiri hesabu za janga zima zifungwe. Mabadiliko kama hayo mji mmoja peke yake haupati, ndo maana kaunti na miji wanaenda Washington kwa pamoja.

Ramani za mafuriko wanazochora FEMA nazo hivyohivyo, kuungana kunasaidia. Ukiingizwa kwenye eneo la hatari ya asilimia 1 kwa mwaka, na nyumba ina mkopo wa benki, bima ya mafuriko lazima. Kupinga ramani ni ndani ya siku 90 na unatakiwa kuleta vipimo vya kitaalamu, kulalamika tu hawasikilizi, kwa hiyo majirani wanachangia injinia mmoja maana maji yenyewe hayajui mpaka wa kaunti.